Mto Mara ulipogeuka mweusi, modeli zetu hazikuwa na la kusema

Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, yakaanza kunuka, na samaki wakaelea juu wamekufa. Picha zilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp haraka kuliko taarifa yoyote ya serikali, na muda si mrefu kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake. Wengi walinyoosha kidole kwa mgodi wa dhahabu wa North Mara pale Nyamongo, na hawakukurupuka tu: walikuwa wanakumbuka 2009, maji yenye asidi yalipovuja kutoka eneo la mgodi hadi Mto Tigithe. Kisha Selemani Jafo, waziri aliyekuwa na dhamana ya mazingira, akaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ikarudi na jibu lililochekwa mitandaoni kwa muda mrefu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe wanaochungwa kwenye ardhi oevu ya Mara, pamoja na mimea inayooza, vimemaliza oksijeni ndani ya maji.

Kazi yangu ni kutengeneza modeli za mito. Kwa asiyejua, modeli ni programu ya kompyuta unayoilisha mvua, udongo, mteremko na matumizi ya ardhi, nayo ikakutolea kiasi cha maji yanayopita mahali fulani siku fulani na, ukiwa na bahati, kilichomo ndani ya maji hayo. Basi siku zile simu yangu haikupumzika. Shemeji yangu hakuzunguka: "Wewe si ndiye mtu wa mito? Sema basi, ni ng'ombe au ni mgodi?" Nikamwambia swali lake linadai namba za wiki mbili kabla samaki hawajafa. Akaona ninakwepa, akahamia kwenye habari za mpira. Jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana naliandika hapa.

Tuanze na hao ng'ombe. Vyombo vya habari viliripoti hesabu ya kamati hivi: ng'ombe zaidi ya 300,000 ndani ya ardhi oevu kwa miezi 8, tani milioni 1.8 za kinyesi, lita bilioni 1.5 za mkojo. Watu walizicheka hizo namba kwa ukubwa wake. Mimi nilichukua kalamu. Ng'ombe 300,000 kwa siku 240 ni sawa na siku milioni 72 za ng'ombe mmoja. Ukigawanya unapata kilo 25 za kinyesi na karibu lita 21 za mkojo kwa kila ng'ombe kwa siku. Kilo 25 ni nyingi kwa ng'ombe wetu wa kienyeji, ila hazishangazi sana. Lita 21 zinamfaa zaidi ng'ombe mkubwa wa maziwa anayekunywa atakavyo. Hata hivyo si hapo penye shida. Namba za namna hii hazipimwi, huzidishwa: idadi mara kiwango mara siku. Kwa maneno mengine, nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya modeli, modeli ya mstari mmoja, bila mtu kuiita hivyo.

Sasa tuipeleke mtoni. Maji ya mto yenye afya, kwa joto la kwetu, hubeba miligramu 7 hadi 8 za oksijeni kwa kila lita. Mto ukipitisha mita za ujazo 10 kwa sekunde, oksijeni yote inayopita hapo kwa siku ni tani 6 hadi 7. Upande wa pili, tani milioni 1.8 za kinyesi kwa siku 240 ni tani 7,500 kwa siku. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kila tani ya kinyesi kibichi inadai kilo 10 za oksijeni ili bakteria waivunjevunje. Hiyo ni tani 75 za oksijeni kwa siku, zaidi ya mara kumi ya oksijeni yote iliyomo mtoni. Kesi imekwisha, ng'ombe wana hatia.

Bado. Kinyesi kingi hukaukia palepale malishoni, kikaliwa na mchwa na mende au kikarudi udongoni. Kinachotuhusu ni kile kinachofika majini. Kikifika asilimia 1, deni la oksijeni ni kilo 750 kwa siku na mto hautasikia kitu. Kikifika asilimia 30, deni ni tani 22 na hakuna samaki atakayebaki. Ng'ombe ni walewale, hesabu ni ileile, lakini namba moja ya katikati inaamua nani ana hatia, na namba hiyo ndiyo haipatikani kwa kuzidisha. Isitoshe, mzigo haufiki kidogo kidogo kila siku. Hurundikana kiangazi kizima halafu husombwa ndani ya siku chache mvua zikianza, kwa hiyo hata wastani wa siku 240 unadanganya.

Hapo wanaoitetea kamati watasema namdhulumu profesa. Hapana. Waliocheka kwamba kinyesi hakiwezi kuua samaki wa mto mzima ndio waliokosea zaidi, maana jambo hilo lilikuwa limeshaandikwa kwenye mto huuhuu, juu kidogo tu, upande wa Kenya. Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walikaa miaka kwenye Mara ya Kenya wakifuatilia viboko. Utafiti wao ulichapishwa 2018 katika jarida la Nature Communications. Viboko zaidi ya 4,000 hula nyasi usiku nchi kavu, kisha hushinda majini mchana wakinya humohumo. Mzigo wake ni takriban tani 8.5 za majani yaliyosagika nusu kila siku. Kiangazi maji yakipungua, kinyesi hutuama chini ya madimbwi yao, huoza na kumaliza oksijeni yote ya chini. Mvua ikinyesha juu, wimbi la maji hufagia madimbwi yote kwa mpigo, na maji meusi yasiyo na oksijeni husafiri kuelekea chini yakiua samaki njiani. Hao watafiti waliyaona mawimbi hayo kwa sababu moja: walikuwa wameacha ndani ya maji vihisi vinavyorekodi oksijeni usiku na mchana, kiangazi na masika. Wangekuwa wanakuja na gari mara moja kwa mwezi kuchota chupa, wasingeona kitu.

Kwa hiyo uchafu wa wanyama kuua samaki wa Mara linawezekana kabisa. Kusema kwamba ndicho kilichotokea Machi 2022 ni hatua nyingine, nayo inadai mpangilio wa saa na mahali: oksijeni ilianza kushuka wapi, lini, na saa hiyo mto ulikuwa na maji kiasi gani. Hilo la mwisho, kiasi cha maji, ndiko kwenye kazi yangu, na ndiko kwenye umaskini wetu.

Bonde la Mara lina kilomita za mraba kama 13,750, karibu sawa na Mkoa wa Kilimanjaro. Theluthi mbili hivi ziko Kenya, theluthi moja Tanzania. Maji huanzia msitu wa Mau kwa matawi mawili, Nyangores na Amala. Yakiungana ndipo mto unaitwa Mara, unapita Maasai Mara na Serengeti, unapita karibu na Nyamongo, unaingia kwenye mafunjo ya ardhi oevu, unapita chini ya daraja la Kirumi na kumwagikia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Eneo lote hilo, ukitafuta mahali penye kumbukumbu ndefu za mtiririko, utarudi na vituo vitatu vilevile ambavyo kila mtafiti anavitaja: Nyangores pale Bomet, Amala, na Mara Mines upande wetu. Kumbukumbu zake zinaanzia miaka ya 1950 hadi 1970, halafu zina mashimo. Mwezi haupo, mwaka haupo, miaka ya 1990 imejaa matobo.

Na hata palipo na namba, inafaa kujua ilivyopatikana. Hakuna anayepima mtiririko kila siku. Kinachosomwa ni kina. Kuna bao lililochorwa sentimita limesimikwa ukingoni, na mwangalizi wa kijijini hulisoma asubuhi na jioni, akaandika daftarini. Mara chache kwa mwaka mafundi huja na chombo cha kupima kasi ya maji, wakakipitisha kuanzia ng'ambo hii hadi ile, wakapata mita za ujazo kwa sekunde kwa kina cha siku hiyo. Vipimo hivyo vikikusanywa unachora mstari unaogeuza kina chochote kuwa mtiririko. Ubaya ni kwamba mafundi huja siku ambazo barabara inapitika, yaani siku ambazo mto umetulia. Mafuriko hayapimwi, hukisiwa kwa kuurefusha mstari hadi kule ambako hakuna nukta hata moja. Halafu mchanga wa chini unahama, kingo zinamong'onyoka, na mstari wa 1975 unaendelea kutumika kwenye mto ambao si wa 1975.

Pale Kirumi mambo ni magumu zaidi. Ziwa likijaa linausukuma mto nyuma, kwa hiyo kina kilekile kinaweza kumaanisha mto unaokimbia au mto uliosimama. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuivunja rekodi yake ya 1964, na kwa muda huo namba za kina karibu na mdomo wa mto zilikuwa zinatupa habari za ziwa zaidi kuliko za mto.

Kuna kundi la watafiti walioamua kuukwepa mstari huo kabisa. Petra Hulsman na wenzake wa Delft, Uholanzi, mwaka 2018 walichapisha kazi juu ya Mara ambamo modeli haikulinganishwa na mtiririko. Waliilinganisha na kina chenyewe, wakatumia fomula ya zamani ya Manning inayounganisha kina, mteremko na ukwaruzo wa mto. Hoja yao ni nyepesi: kina ndicho kilichoonekana kwa macho, mtiririko ni tafsiri, kwa nini tuisahihishe modeli kwa tafsiri tusiyoiamini? Naipenda sana kazi hiyo. Haihitaji kifaa kipya, inahitaji tu kuheshimu kilichoandikwa na yule mwangalizi.

Nimewahi kukaa na mmoja wao. Mzee wa makamo ya baba yangu, nyumba yake iko juu kidogo ya mto, na madaftari yake ameyafunga kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Nilimwamkia, nikajieleza, akaniuliza kama ninatoka ofisi inayomdai madaftari au ile inayodaiwa posho. Nilipomwambia sitoki popote kati ya hizo akacheka na kuniletea kiti. Nilikuwa na karatasi yangu iliyochapwa kutoka kwenye hifadhidata, yenye nafasi tupu kipindi kimoja cha masika. Nikamwomba tuangalie daftari la miezi hiyo. Nafasi haikuwa tupu. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, siku baada ya siku: "Maji yamepita bao. Sikuweza kushuka."

"Hii mbona haikufika mjini?" nikamuuliza.

"Walisema wanataka namba, mwanangu. Hayo ni maneno."

Maneno yale ni data. Kama bao lina mita 4 na maji yamelipita, basi siku ile kina kilikuwa zaidi ya mita 4, na modeli yoyote inayonipa mita 2 siku hiyo imekosea bila ubishi. Kuna njia za kihesabu za kutumia taarifa za namna hiyo, zinazosema "si chini ya hapa" bila kusema ni ngapi hasa, na si ngumu. Ila aliyeingiza data kwenye kompyuta alikuta maneno mahali pa namba, akaacha pabaki patupu, na siku zenye mafuriko makubwa zikageuka kuwa siku zisizo na taarifa. Ukihesabu wastani baadaye, mto unaonekana mpole kuliko ulivyo.

Mvua nayo ina hadithi yake, nitaipitia haraka. Vituo vya mvua bondeni ni vichache na vimejazana penye watu, ilhali mvua ya Mau haifanani na ya tambarare ya Talek kule Maasai Mara. Siku hizi tunaokolewa na setilaiti. CHIRPS, kwa mfano, inatoa mvua ya kila siku tangu 1981 kwa vipande vya kilomita kama 5, ikichanganya joto la mawingu na vituo vilivyopo ardhini. Utafiti mmoja wa Mara ya juu uliochapishwa 2011 ulikuta kwamba modeli iliyolishwa mvua ya kukadiriwa kwa setilaiti iliufuata mto vizuri kuliko iliyolishwa vituo vichache vya ardhini. Jambo hilo linafurahisha na kuogopesha kwa pamoja, kwa sababu setilaiti yenyewe husahihishwa kwa vituo hivyohivyo vya ardhini. Vikizidi kufa, nayo inabaki bila wa kuisahihisha.

Modeli inayotumika sana huku ni SWAT, iliyotengenezwa na Jeff Arnold na wenzake wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Texas mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni ya bure, ina wafuasi dunia nzima, na sina ugomvi nayo. Lakini ilizaliwa kwenye mashamba ya Marekani. Mimea yake ilifundishwa kukua kwa kufuata kalenda ya nchi zenye majira ya baridi, ikianza upya kila mwaka kwa ratiba ya joto na urefu wa mchana. Huku kwetu jani halisubiri joto, linasubiri unyevu wa udongo. Mtu akiendesha SWAT bila kuigusa, msitu wa Mau unaweza kupukutika kwenye kompyuta wakati wenyewe umejaa majani, na hapo maji ambayo miti ingeyanywa yanahesabiwa kuwa yameenda mtoni. Tadesse Alemayehu na wenzake ndio waliolirekebisha hilo, 2017, kwa kuifanya mimea ya SWAT ianze kukua unyevu ukirudi, na waliijaribu papo hapo kwenye bonde la Mara. Hata sasa nikipewa ripoti ya mshauri mwelekezi yenye neno SWAT kwenye jalada, ukurasa wa kwanza ninaoutafuta ni ule unaosema mimea iliwekwaje. Mara nyingi ukurasa huo haupo.

Ukurasa uliopo daima ni ule wa alama. Tangu 1970 tunatumia kipimo cha Nash na Sutcliffe: ukipata 1 modeli imelingana na mto kabisa, ukipata 0 ungefanya vizuri vilevile kwa kuandika wastani wa mto kila siku bila kompyuta. Ripoti zinajisifu kwa 0.7 au 0.8 ya mtiririko wa mwezi. Nina mashaka na sifa hizo. Mto wenye masika na kiangazi hukupa alama nzuri kwa kujua tu kwamba Aprili kuna maji na Februari hakuna, jambo ambalo bibi yangu alilijua bila kusoma hesabu. Alama hiyohiyo husukumwa na mafuriko makubwa na huwa haijali siku za maji haba, na samaki wetu walikufa majira ya maji haba na mwanzo wa mvua.

Zaidi ya hayo, data zikiwa chache, seti nyingi tofauti za vigezo hutoa mstari uleule. Unaweza kuamua udongo ni mzito na msitu unakunywa kidogo, au udongo ni mwepesi na msitu unakunywa sana, na pale Bomet mto ukatoka uleule. Keith Beven wa Uingereza amelipigia kelele jambo hili karibu maisha yake yote ya kazi. 1992 yeye na Andrew Binley walipendekeza tusichague seti moja iliyo bora, tubaki na zote zinazokubalika na kuonyesha upana wake. Kwa wanasayansi wenzangu hilo halina ubishi tena. Kwa anayelipia ripoti ni kero. Nimewahi kukabidhi mchoro wenye ukanda mpana wa kijivu nikaombwa, kwa upole kabisa, niufute ukanda nibakize mstari wa katikati "ili viongozi wasichanganyikiwe."

Haya yote ni kwa maji yenyewe tu, hatujagusa kilichomo. Ubora wa maji ni ufukara juu ya ufukara. Mtiririko angalau una daftari la mzee. Oksijeni, naitrojeni, tope na zebaki vina sampuli za hapa na pale, zilizochotwa siku ya kazi, mchana, penye daraja. Tazama upendeleo uliomo humo. Oksijeni ya mto wenye mimea huwa juu mchana kwa sababu majani yanaitengeneza juani, na hufika chini kabisa kabla ya alfajiri. Anayechota saa tano asubuhi anapima saa ya neema. Tope husafiri hasa siku chache za mafuriko, likiwa limebeba fosforasi na zebaki ya wachimbaji wadogo iliyoshikamana nalo, na siku hizo ndizo ambazo gari la maabara limekwama njiani. Kipimo cha kujua kiasi cha oksijeni ambacho uchafu utadai huchukua siku 5 kwa nyuzi 20, na sampuli inatakiwa ifike maabara haraka ikiwa kwenye barafu. Kutoka kijiji cha ndani ya mafunjo hadi maabara ya Mwanza, barafu ikiyeyuka Bunda, bakteria wameanza kula wakiwa njiani na unachopima si kile ulichochota.

Nimeona modeli za ubora wa maji zilizosahihishwa kwa sampuli zisizojaza ukurasa mmoja wa daftari, zikiwa na vigezo vingi kuliko sampuli. Mistari inapendeza. Ukiniuliza mimi, modeli ya aina hiyo isichapishwe bila sentensi kubwa mwanzoni inayosema haikujaribiwa.

Lakini uchache wa data haumaanishi tukunje mikono. Mfano ninaoupenda uko mbali na Mara, kwenye bonde la Usangu, Mbeya. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na kila mtu akawa na mshtakiwa wake: wafugaji, wakulima wa mpunga, ukame. Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzake hawakujenga modeli kubwa. Waliichukua ardhi oevu ya Ihefu kama beseni lenye tundu upande mmoja, wakahesabu yanayoingia, yanayokauka na jua na yanayotoka, wakitegemea kituo cha kupima mtiririko cha Msembe. Jibu lao lilikuwa la kushika mkononi: ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke Ihefu wakati wa kiangazi, inabidi ziingie kama mita za ujazo 7. Sehemu kubwa ya tofauti huishia angani kupitia maji yaliyotanda na mimea. Namba moja hiyo inatosha kubadilisha mazungumzo, kwa sababu inaonyesha kwamba kufunga mfereji mmoja wa mpunga hakurudishi mtoni maji yale yote yaliyofungiwa.

Modeli ya namna hiyo kwa ardhi oevu ya Mara ingekuwa na masanduku mawili au matatu tu: mafunjo yaliyotuama, mkondo unaopita, na mzigo wa samadi na mimea iliyooza unaosubiri mvua. Ungeiendesha mara elfu kumi kwa makisio tofauti ya ile asilimia inayofika majini, kisha ungeuliza: ni katika hali zipi oksijeni inaanguka Kirumi wakati Mara Mines bado ni nzima? Ni katika hali zipi inaanza kuanguka juu kabisa, kabla maji hayajafika kwa ng'ombe? Hapo modeli haitoi hukumu. Inakuonyesha mahali ambapo kipimo kimoja kingewatenganisha washtakiwa.

Na mahali penyewe panajulikana. Kihisi cha kwanza kikae Mara Mines, kituambie kinachoingia kikiwa na athari za viboko na za Mau. Cha pili kikae Tigithe kabla haujaungana na Mara. Cha tatu Kirumi, kwenye mlango wa kutokea. Vyote vipime oksijeni na uwezo wa maji kupitisha umeme, kila robo saa. Hicho kipimo cha umeme ni rahisi na watu wanakidharau, ila maji yanayotoka kwenye mawe ya mgodi huwa na chumvi za salfeti nyingi na hukipandisha ghafla, hata samaki wakiwa bado hai. Sampuli za chupa zichotwe pale tu kihisi kinaporuka, na maabara itafute salfeti na metali upande mmoja, amonia na potasiamu upande wa pili. Samadi na mgodi haviachi alama zinazofanana. Kila 15 Septemba nchi mbili huadhimisha Siku ya Mara kwa hotuba na fulana. Sina tatizo na fulana, ila gharama ya jukwaa nayo ningependa kuiona kwenye bajeti ya vituo.

Kazi ngumu huanza vifaa vikishanunuliwa. Kihisi cha oksijeni kikikaa mtoni hufunikwa na ukungu wa kijani ndani ya wiki chache na kuanza kusoma uongo, tena uongo unaofanana sana na mto unaokufa. Lazima mtu apande mtumbwi, akitoe, akifute, akijaribu kwenye maji yaliyotikiswa hewani, aandike saa na kurudisha. Ndani ya mafunjo ya Mara kuna mamba, kwa hiyo watu wawe wawili. Walipwe kila mwezi na bodi ya bonde, kwa sababu mradi wa miaka mitatu ukifungwa kihisi hubaki mtoni hadi betri iishe. Na daftari lao liwe na safu pana ya maneno, kwa ajili ya siku ambazo maji yamepita bao.